Je, Bakteria Anaweza Kutufundisha Wema na Ubaya?



Ndugu zangu wanafunzi, kuna hoja moja ambayo huwa naisikia katika mihadhara yetu, na siku hizi naisikia pia mitaani ikiwa imevaa nguo nyingine. Msikitini inasema: tazameni viumbe wadogo walivyoungana ndani ya miili yetu wakatupa uhai, basi nasi Waislamu tuungane. Mitaani inasema: tazameni vimelea wanavyomnyonya mwenyeji wao, basi nasi tuwatoe wanaotunyonya. Ya kwanza hutufurahisha. Ya pili hututia hofu, au angalau inapaswa kututia hofu. Lakini ukizivua nguo utakuta ni hoja moja: maumbile yanafanya hivi, kwa hiyo nasi tufanye hivi.

Mimi nasoma baiolojia hapa Bujumbura, mwaka wa tatu, na kwa kuwa mfano unaotumiwa mara nyingi ni ule wa bakteria wanaoishi ndani ya seli za viumbe wengine, nimeona niuchukue mfano huohuo niupekue mpaka ndani. Swali langu ni jepesi kuuliza: bakteria hawa, kwa jinsi walivyo na wanavyoishi, wanaweza kutuambia lipi ni jema na lipi ni baya?

Tuanze na yule anayetajwa zaidi. Ndani ya karibu kila seli ya mwili wako, ukiacha chembe nyekundu za damu, mna vijimfuko viitwavyo mitokondria, na humo ndimo chakula kinapochomwa kwa oksijeni ili upate nguvu ya kupumua, kusimama katika sala na kusoma makala haya. Mwaka 1967 mwanabaiolojia wa Marekani, Lynn Margulis, alichapisha makala akisema kwamba vijimfuko hivyo zamani vilikuwa bakteria huru, waliomezwa na seli nyingine na badala ya kusagwa wakabaki humo. Majarida mengi yalikuwa yameikataa kazi yake kabla ya hapo. Leo inafundishwa kila chuo, kwa sababu ushahidi umejaa: mitokondria zina DNA yao wenyewe, ya mviringo kama ya bakteria, zinajigawa zenyewe, na seli ikizipoteza haiwezi kuziunda upya. Kwa binadamu DNA hiyo ina herufi 16,569 na jeni 37 tu, nawe umeirithi kwa mama yako. Kuingia kwao kulitokea zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. (Najua neno mageuko huwafanya baadhi yetu wakunje uso. Mjadala wa asili ya mwanadamu ni mrefu na una watu wake. Hapa nazungumzia bakteria na yale yanayosomeka katika jeni zao.)

Kufikia hapa mhadhiri ana haki ya kufurahi. Methali yetu inasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mgeni amekuja na mwenyeji amepona kweli. Sasa tumtazame mwingine katika ukoo huohuo mpana wa bakteria.

Jina lake ni Rickettsia prowazekii. Jina hilo lina makaburi mawili ndani yake: Howard Ricketts na Stanislaus von Prowazek, watafiti waliokufa kwa ugonjwa uleule waliokuwa wakiuchunguza, mmoja mwaka 1910 na mwingine mwaka 1915. Ugonjwa ni tifasi ya chawa, ambayo isichanganywe na taifodi. Aliyegundua kwamba unaletwa na chawa wa nguo ni Charles Nicolle, akiwa Tunis mwaka 1909. Chawa akimnyonya mgonjwa, bakteria huingia katika seli za utumbo wa chawa na kuzaana humo hadi seli zinapasuka. Chawa hugeuka mwekundu na kufa. Kabla ya kufa, kinyesi chake hubaki kwenye ngozi ya mtu, mtu hujikuna, na bakteria hupenya. Mgeni huyu, basi, humuua mwenyeji aliyembeba na anaweza kumuua mwenyeji anayemfuata.

Jenomu yake iliposomwa mwaka 1998 ilikutwa na jeni 834, na watafiti walioisoma walishangazwa na jinsi jeni zake za kutengeneza nishati zinavyofanana na za mitokondria. Fikiria hapo. Kinachokupa nguvu ya kusimama na kilichowalaza watu wetu chini ni jamaa. Nasema watu wetu kwa sababu Burundi tunaijua tifasi hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1995, katikati ya vita, ilizuka katika gereza la Ngozi, kisha ikaenea katika kambi za watu waliohamishwa makwao, milimani kwenye baridi, ambako familia zilikuwa na nguo moja na hazina sabuni. Mwaka 1997 waliodhaniwa kuugua walizidi 40,000. Wazee wetu waliopita katika kambi hizo hawaupendi mjadala wa chawa. Wanakumbuka kwamba waliokuwa nje waliwaona wenye chawa kuwa wachafu kwa tabia, kana kwamba chawa alikuwa sehemu ya asili yao na si matokeo ya kunyimwa nguo ya pili.

Kwa hiyo tuna jamaa wawili, mmoja anahuisha na mmoja anaua. Mtu anaweza kusema: sawa, tumwige mwema tumwache mbaya. Lakini ukishasema hivyo umekubali kwamba mizani ya wema uliileta wewe. Hukuikuta ndani ya seli.

Wa tatu ndiye anayevuruga kila mahubiri, naye anaitwa Wolbachia. Kwa makadirio yuko katika karibu nusu ya aina zote za wadudu. Anapita kwa mayai, kutoka kwa mama kwenda kwa watoto, na kwa sababu hiyo mdudu dume kwake ni barabara iliyoziba. Anafanya nini? Inategemea yuko wapi. Uganda kuna kipepeo, Acraea encedon, ambaye watafiti wa Makerere tangu miaka ya 1960 walishangaa kuona baadhi ya majike yake yanazaa majike matupu. Baadaye ilijulikana kwamba Wolbachia huwaua watoto wa kiume wakiwa bado katika yai. Katika wadudu wengine huwageuza madume kuwa majike. Kwingine huwawezesha majike kuzaa bila dume kabisa. Lakini ingia ndani ya kunguni, huyu huyu ndugu yetu wa mabwenini, utamkuta Wolbachia ni mpishi mwaminifu: damu haina vitamini B za kutosha, yeye humtengenezea, na kunguni akimkosa hadhoofiki tu bali hata uzazi wake huharibika. Mbung'o anayeeneza malale ana mpishi wa namna hiyo pia, bakteria wa jina jingine, Wigglesworthia, ambaye mama humpa mtoto wake kwa maziwa. Ndiyo, mbung'o hunyonyesha, mtoto mmoja kwa zamu, ndani ya tumbo lake. Na mnyoo anayesababisha usubi, ugonjwa unaopofusha macho na unaojulikana hata katika baadhi ya mikoa yetu, hawezi kuzaa bila Wolbachia.

Sasa khatibu achague. Wolbachia ni dhalimu au ni mwema? Na uaminifu wake kwa mnyoo unaompofusha mkulima, je, nao ni fadhila ya kuigwa?

Kuna funzo jingine linalopendwa sana, na hili nalijibu kwa kirefu kidogo kwa sababu limewahi kunigusa. Bakteria wakikaa ndani ya seli kwa vizazi vingi hupoteza jeni. Kinachotolewa na mwenyeji hawakihitaji tena, na jeni isiyohitajika huharibika na kupotea bila anayeilinda. Ndiyo maana Rickettsia amebaki na jeni 834 wakati bakteria wengi walio huru wana maelfu, na wanaoishi katika vidukari wa majani wamebaki na chache zaidi. Kutoka hapo mtu huruka moja kwa moja: unaona, anayelishwa bure husahau kulima. Nimesikia maneno hayo yakielekezwa kwa wanafunzi wenye ufadhili, na nimeyasikia yakielekezwa kwa wakimbizi.

Nimekulia kambini mkoani Kigoma, Tanzania, kabla wazazi wangu hawajarudi nyumbani. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi karibu na kambi aliwahi kutuita kupe, mbele ya baba yangu. Mama huyohuyo siku nyingine alitupa nyongeza bila kuombwa, kwa hiyo simsimulii ili kumshtaki. Ninachokumbuka ni kwamba baba hakuruhusiwa kutoka kwenda kulima kwa watu, na bado aliambiwa amesahau kulima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Methali hiyo inamtaka mwenyeji naye atoe kitu: jembe.

Turudi kwenye jeni. Kama kupoteza jeni ni dalili ya uvivu, basi mitokondria ndiye mvivu mkubwa kuliko Rickettsia, maana yeye kabakiwa na 37. Hakuna mhadhiri anayemwita mvivu. Sisi wenyewe tumepoteza uwezo wa kujitengenezea vitamini C, ndiyo maana tunahitaji matunda na mboga, na mbuzi anao uwezo huo hadi leo. Sijasikia mtu akisema mbuzi ana heshima kutuzidi. Tukio ni lilelile, kupotea kwa jeni. Tukitaka kusifu tunaliita ushirikiano, tukitaka kutukana tunaliita unyonyaji.

Na hapa ndipo lugha inapotucheza. Neno mwenyeji, neno mgeni, neno mvamizi, hata neno kimelea lenye kumea ndani yake: yote tumeyatoa katika maisha yetu tukawavika bakteria. Mwenye nyumba akampa jina seli. Neno likaenda maabara, likakaa humo miaka, sasa linarudi mtaani limevaa koti jeupe, na mtu analipokea kwa heshima kana kwamba ni maumbile ndiyo yaliyolisema. Katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu tunajua maneno ya namna hiyo hufika wapi. Mwaka 1994 nchini Rwanda watu waliitwa mende redioni, inyenzi, nao waliouawa hawakuwa na kosa zaidi ya kuzaliwa. Anayesema leo kwamba kabila fulani au wakimbizi fulani ni bakteria ndani ya mwili wa taifa hajasema jambo lolote la sayansi.

Mtu ataniuliza: je, Qur'ani haitutaki kuwatazama viumbe? Kuna sura ya Nyuki, ya Chungu na ya Buibui. Naam, inatutaka, tena sana. Ila kuna tofauti kati ya kutazama ili upate mazingatio na kutazama ili upate hukumu. Nyuki tumeonyeshwa kwa sababu ya Aliyempa ilhamu na kwa sababu ya asali iliyo na tiba. Hatukuambiwa tuishi kama mzinga, na ni heri, maana katika mzinga madume hufukuzwa nje wafe chakula kinapopungua. Ndugu zangu wa kiume mnisamehe kwa mfano huo.

Lakini kisa kinachonisaidia zaidi ni cha watoto wawili wa Adam katika Surat al-Maida. Aliyemuua nduguye hakujua afanye nini na maiti, akatumiwa kunguru anayefukua ardhi, naye akajifunza kuzika. Tazama kunguru alimfundisha nini. Alimfundisha namna: ardhi hufukuliwa hivi. Kwamba kuua ni dhulma hakufundishwa na kunguru. Hilo nduguye alishamwambia kabla hajanyanyua mkono, kwa kumwogopa Mwenyezi Mungu.

Wanazuoni wa zamani walibishana sana juu ya njia ya kujua wema na ubaya. Mu'tazila walisema akili inaweza kuujua hata kabla ya sharia. Ash'ari walisema ule wa thawabu na adhabu haujulikani ila kwa sharia, na Maturidi wakasimama karibu na katikati. Katika kambi hizo zote sijui hata mmoja aliyesema tuwaulize wadudu. Na wanazuoni wa akida walitenganisha utashi wa Mwenyezi Mungu wa kuumba na utashi Wake wa kisheria. Kila kilichopo kipo kwa ule wa kwanza, pamoja na magonjwa, pamoja na Iblis. Ingekuwa kuwepo kwa jambo kunatosha kulifanya jema, Iblis naye angekuwa kigezo. Rickettsia anatii amri moja tu, ya kuumbwa kwake. Haulizwi siku ya Kiyama kwa nini alimpasua chawa. Sisi tunaulizwa.

Sayyidna Umar (R.A.) alikutana na swali hili akiwa njiani kwenda Sham, habari za tauni ya Amwas zilipomfikia akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu lake, kwa maana yake, ni kwamba wanatoka katika qadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika qadari ya Mwenyezi Mungu, na akapiga mfano wa mchungaji mwenye ngamia aliyeshuka bondeni lenye upande wa majani na upande mkavu: kokote atakakolisha ni kwa qadari, lakini mchungaji bado anachagua upande. Maradhi yapo kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, na dawa vilevile. Katika kambi zetu za mwaka 1997 tifasi ilitibiwa kwa doksisaiklini, na dozi moja ya miligramu 200 ilitosha. Dawa hiyohiyo ikitumiwa kwa wiki kadhaa humuua Wolbachia ndani ya mnyoo wa usubi. Mnyoo jike hushindwa kuzaa na hatimaye hufa. Tunaivunja makusudi suhuba ya mamilioni ya miaka ili mkulima asipofuke, wala hatuhitaji kumwomba radhi mnyoo. Kujua namna ya kuivunja kulitoka katika kuwachunguza bakteria. Kwamba macho ya mkulima yana haki juu yetu hakukutoka humo.

Nimalizie na hali ambayo itatufikia, na ambayo hoja yetu ya mwanzo inaivalia nguo ya tatu. Mjini Yogyakarta, Indonesia, katika nchi ya Waislamu wengi, wanasayansi waliwaingiza Wolbachia mbu wa aina ya Aedes aegypti, ambao kwa kawaida hawanao, kisha wakawaachia mitaani, kwa sababu mbu mwenye Wolbachia hushindwa kueneza virusi vya dengi vizuri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dengi imepungua kwa asilimia 77 katika maeneo hayo ukilinganisha na mengine. Tulipolijadili darasani, mwenzetu mmoja alisema halina tatizo kisharia kwa sababu Wolbachia ni wa asili, yuko tayari katika wadudu wengi. Mwingine akasema ni haramu kwa sababu huyo mbu kwa asili hana Wolbachia. Neno lilikuwa moja, asili, na hukumu mbili zinazopingana.

Mimi naona lifaalo ni kuwauliza watu wa mtaa, maana ndoo zenye mayai ya mbu hao ziliwekwa majumbani mwao: je, waliridhia? Nani atabeba madhara yakitokea baada ya miaka kumi, na nani aliyewaeleza kwa lugha yao? Mgonjwa wa dengi asiye na fedha za hospitali ana uzito gani katika mizani hiyo? Jumuiya yetu ikikubali, naomba darsa la mwezi ujao liwe juu ya maswali hayo, na tumwalike mwalimu wa fiqhi pamoja na daktari wa maabara wakae meza moja. Nimeshazungumza na wote wawili, nao wako tayari baada ya mitihani.